Namna ya kusoma utafiti wa dawa mpya mpaka uuelewe: mwongozo kamili, na kikaratasi chako mkononi

Tangu sindano ya lenacapavir ianze kutajwa mitandaoni mwaka 2024 nimeulizwa mara nyingi sana "eti dawa ya ukimwi imepatikana?", na karibu kila anayeuliza ana linki tayari, ameifungua, amesoma mistari mitatu ya juu akaishia hapo. Sio uvivu. Karatasi za utafiti zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, zimejaa namba, na shuleni hakuna aliyetuonyesha pa kuanzia, kwa hiyo mtu anabeba kichwa cha habari anaondoka nacho, kesho yake unasikia mama mdogo kaacha vidonge vya presha.

Mi ni muuguzi. Nimeelekeza hili jambo kwa vipandevipande mara nyingi, watu bado wanakwama palepale, ndo maana leo naandika yote mahali pamoja. Ukifuata hatua hizi utaweza kuchukua utafiti wowote ule, uwe wa moyo, wa watoto, wa uzazi au wa TB, na kuujaza kwenye kikaratasi kimoja chenye mistari sita. Mara ya kwanza tenga kama saa moja. Ukizoea, dakika 20 zinatosha.

## Andaa hivi kwanza

- Simu au kompyuta yenye bando. Karatasi moja ya PDF haili bando kivile.
- Daftari na kalamu. Naomba kweli iwe karatasi ya kushika, usijaze kichwani, kichwa kinapenda kukumbuka ile namba nzuri tu.
- Kalkuleta ya simu.
- Programu ya kutafsiri, kwa neno mojamoja tu. Ukitafsiri aya nzima namba zinabaki sawa lakini "isipokuwa" na "hapana" saa ingine zinapotea njiani, na humo ndo uhai wa mtu ulipo.
- PubMed, ambayo ni maktaba ya bure ya serikali ya Marekani, na tovuti za kusajili tafiti: ClinicalTrials.gov, na ile ya kwetu Afrika inayoendeshwa kutoka Cape Town, Pan African Clinical Trials Registry.

Sasa chora mistari sita kwenye daftari, uandike pembeni: NANI, DHIDI YA NINI, WALIPIMA NINI, KATI YA 1000, MADHARA, NANI KALIPA. Acha nafasi ya kutosha kwenye NANI, utaona kwa nini.

## Hatua ya 1: Fika kwenye karatasi yenyewe

Ulichotumiwa WhatsApp ni habari kuhusu utafiti, mara nyingi ni habari ya habari. Ndani yake tafuta jina la jarida (New England Journal of Medicine, Lancet, BMJ, JAMA na kadhalika) au jina fupi la utafiti. Tafiti kubwa karibu zote zina jina fupi kwa herufi kubwa: PURPOSE 1, SELECT, FEAST. Andika jina hilo PubMed pamoja na jina la dawa au ugonjwa.

Ukiipata utaona muhtasari bure. Karatasi nzima saa ingine wanadai hela, usilipe. Angalia kwanza kama pembeni kuna alama ya PubMed Central maana hapo ni bure kabisa. Ikikosekana mwandikie mtafiti, barua pepe yake huwa ipo, wengi wanatuma PDF bila tatizo na wanafurahi mtu kuwauliza. Kama unafanya kazi hospitali au chuo, uliza maktaba yenu kama wana Hinari, mpango wa WHO na wachapishaji wa kufungulia majarida nchi zenye kipato kidogo.

Umefanikiwa ukiwa na kitu chenye vichwa vidogo Methods na Results. Kama huvioni, bado uko kwenye gazeti.

## Hatua ya 2: Hakikisha karatasi bado iko hai

Hii ni ya dakika mbili na watu wanairuka. Karatasi ya utafiti inaweza kufutwa baada ya kuchapishwa, lakini ile habari yake inaendelea kuzunguka miaka na miaka.

Mfano ambao wengi tuliuishi: Mei 2020 Lancet walichapisha karatasi kuhusu klorokwini na corona, ilidai kuwa na takwimu za wagonjwa kama 96,000 kutoka hospitali 671 duniani. Watu wakaipokea kama neno la mwisho, tafiti nyingine zikasimamishwa kwa ajili yake. Tarehe 4 Juni, wiki mbili tu baadaye, ikaondolewa kwa sababu waandishi wenyewe walishindwa kuthibitisha hizo takwimu zilitoka wapi.

Kwa hiyo PubMed angalia juu ya kichwa kama kuna neno Retracted. Angalia pia kama kuna neno preprint, maana yake ni rasimu ambayo wataalamu wengine bado hawajaihakiki. Rasimu sio uongo, lakini usiihamishie kwenye mwili wa mtu.

## Hatua ya 3: Jua ni utafiti wa aina gani

Soma sentensi mbili za mwanzo za Methods. Unatafuta jibu la swali moja: je, watu waligawanywa kwa kura?

Kama ni panya au chembechembe kwenye maabara, funga daftari, ni habari njema kwa wanasayansi ila kwako bado. Kama walifuatilia tu watu wanaotumia kitu fulani na wasiokitumia, hapo kuna mtego, kwa sababu anayekunywa chai ya mchaichai kila siku huenda pia analala vizuri, anatembea kwa miguu na hana madeni, huwezi kujua kilichomsaidia ni kipi. Kura ndo inavunja huo mtego. Kompyuta inagawa, sio daktari wala mgonjwa, na makundi mawili yanatoka yakifanana kwa umri, uzito, hata kwa vitu ambavyo hakuna aliyevifikiria. Neno la kutafuta ni randomized.

Saa ingine wanapiga kura kwa hospitali nzima badala ya mtu mmojammoja, nayo ni halali, tutaiona mbele kidogo.

## Hatua ya 4: Jaza mstari wa NANI, na uujaze polepole

Hapa ndo naomba utulie. Kosa kubwa kuliko yote ninaloliona ni mtu kuchukua jibu la watu fulani na kumpa mtu mwingine kabisa.

Chukua FEAST, uliotoka 2011. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi kulikuwa na kituo, Muheza kule Tanga kulikuwa na kituo, Uganda vituo kadhaa. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waligawanywa kwa kura: wengine wapewe maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine wasipewe hayo ya haraka. Kila mtu alitegemea dripu ya haraka iokoe, ndivyo ilivyofundishwa duniani kote. Majibu yakaja kinyume. Ndani ya saa 48 walikufa 10.6 kati ya kila 100 waliopewa maji ya albumini (protini ya damu), 10.5 kati ya kila 100 waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 kati ya kila 100 ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda.

Sasa fikiria mtu anasoma hapo tu anaandika "dripu inaua watoto". Wiki inayofuata mtoto anaharisha, macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi, na mama anakataa dripu. Huyo mtoto anaweza kufa kwa sentensi ambayo haikuwahi kuandikwa. Ukisoma FEAST sehemu ya waliotolewa nje utakuta wazi: watoto wenye kuharisha na kupungukiwa maji hawakuwemo, wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, waliopoteza maji kwa kuungua nao hawakuwemo. Jibu la FEAST haliwahusu, na mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha anahitaji kurudishiwa maji haraka.

Kwa hiyo kwenye mstari wa NANI andika vitu viwili, walioingia na walioachwa nje. Kwenye karatasi tafuta maneno eligible na excluded. Umri, jinsia, ugonjwa, ukali wa ugonjwa, nchi.

Lingine ni la nyumbani kwetu. Shangazi yangu ana presha na sukari, mtu wa karibu alimwambia utafiti umesema presha lazima ishuke chini ya 120, basi shangazi akawa anameza vidonge mara mbili ya alivyoandikiwa, akaanguka bafuni alfajiri. Nimeenda kuutafuta huo utafiti, ni SPRINT wa Marekani, 2015, watu 9,361 wa miaka 50 kwenda juu. Mwenye kisukari hakuruhusiwa kuingia hata mmoja, aliyewahi kupata kiharusi pia hapana. Dozi zilikuwa zinapandishwa na madaktari, wakiwa wanawapima watu ziara hadi ziara, na hata hivyo kundi la presha ya chini lilipata zaidi presha kushuka kupita kiasi na kuzimia. Kwa watu wa sukari ilibidi wafanyiwe tafiti zao wenyewe, mmojawapo ni BPROAD wa China uliotoka 2024 ukiwa na watu 12,821. Swali lilikuwa halali kabisa, ila jibu alilobeba shangazi halikuwa la kwake, na njia ya kulifuata haikuwa ile.

TB nayo hivyohivyo. SHINE, watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, ulionyesha dawa za miezi 4 zinatosha badala ya 6. Ni habari kubwa na ya kufurahisha, lakini ni watoto wa chini ya miaka 16, wenye TB isiyo kali, makohozi yao hayaonyeshi vimelea kwa hadubini. Baba mtu mzima mwenye TB ya mapafu akiacha dawa mwezi wa nne kwa sababu ya SHINE anaweza kujitengenezea TB sugu.

Utajua mstari huu umeukamilisha ukiweza kumsimulia mtu sura ya mgonjwa mmoja wa utafiti huo na pia kutaja aina angalau mbili za watu waliokataliwa mlangoni.

## Hatua ya 5: DHIDI YA NINI

Dawa haiwi nzuri hivihivi, inakuwa nzuri kuliko kitu. Andika hicho kitu.

Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa kwa watoto wa miezi 5 hadi 36 Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, Kilifi na Bagamoyo wakiwemo. Watoto wa kundi la pili walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu wakisoma hapo wanashtuka lakini sababu ni nzuri: mtoto anapata chanjo ya kweli yenye faida yake, haihusiani na malaria, na mzazi hawezi kujua mwanae yuko kundi gani. Hiyo ya kufichana inasaidia kwa sababu mzazi akijua mwanae kachanjwa malaria anaweza kuchelewa kumpeleka kupima, namba zikaharibika.

Ukikuta wamelinganisha na plasibo, yaani dawa isiyo na kitu ndani, jiulize kama kwenye ugonjwa huo kuna dawa nyingine inayofanya kazi tayari. Kama ipo, swali lako halijajibiwa, wewe unataka kujua kama mpya inaishinda unayomeza sasa.

## Hatua ya 6: WALIPIMA NINI hasa

Tafuta neno primary outcome. Hicho ndo kitu walichoapa kukipima kabla hawajaanza. Vingine vyote vilivyopimwa pembeni vipe uzito mdogo.

Angalia kama walichopima ni kitu ambacho mgonjwa anakihisi (kufa, kiharusi, kulazwa, maumivu, kuona) au ni namba ya maabara tu. Namba ya maabara inaweza kupendeza na mtu akazikwa. Mfano mzito ni CAST: watu waliotoka kwenye shambulio la moyo walikuwa na mapigo yanayorukaruka, wakapewa dawa za kuyatuliza, encainide na flecainide, na mapigo kweli yalitulia. Lakini kwenye kundi la dawa walikufa 63 kati ya 755, kundi la plasibo 26 kati ya 743. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanaziandika dawa hizo kwa nia njema kabisa.

Kuna pia kipimo cha kufungasha, wanaunganisha matukio matatu kuwa moja. E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ni utafiti ninaoupenda sana kwa sababu umefanyika kwenye wodi zinazofanana na zangu: hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama 210,132, kura ikipigwa kwa hospitali. Hospitali za upande mmoja zilitumia shuka la plastiki lenye alama za kupimia damu chini ya mama anayejifungua, na damu ikifika kiwango cha hatari vinafanyika vyote kwa mpigo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, tranexamic acid (dawa ya kusaidia damu ikome), dripu, kumkagua mama na kuita msaada. Kipimo kikuu kilifungasha vitatu, kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, na kufa kwa kutokwa damu. Kilitokea kwa mama 1.6 kati ya 100 dhidi ya 4.3 kati ya 100. Tofauti kubwa mno!

Ila ukifungua furushi utaona uzito wote uko kwenye ile lita moja ya damu. Kifo peke yake kilikuwa kichache pande zote mbili, tofauti yake haikutosha kuitolea uhakika. Haipunguzi thamani ya E-MOTIVE hata kidogo, mama asiyepoteza lita moja ya damu ni mama anayeweza kusimama na kumnyonyesha mwanae, lakini ukiandika "vifo vimepungua kwa asilimia 60" umeandika kitu ambacho utafiti haukusema.

Tahadhari: ingia ClinicalTrials.gov na namba ya usajili (huanza na NCT kisha tarakimu 8, iko mwisho wa muhtasari) uone kipimo kikuu walichosajili mwanzo. Kikiwa tofauti na kilichoko kwenye karatasi, na hawajaeleza kwa nini, punguza imani.

## Hatua ya 7: Geuza asilimia kuwa watu KATI YA 1000

Kalkuleta sasa. Hapa ndo kichwa cha habari kinapovuliwa nguo.

SELECT, 2023. Watu 17,604 kutoka nchi 41, umri wa miaka 45 na zaidi, wanene, wenye ugonjwa wa moyo au mishipa tayari, wasio na kisukari. Nusu wakachomwa semaglutide, ile sindano ya kupunguza uzito, kila wiki, nusu plasibo. Kichwa cha habari: inapunguza shambulio la moyo, kiharusi na kifo cha moyo kwa asilimia 20. Ni kweli. Lakini 20 ya ngapi?

Fanya hivi:

1. Tafuta kwenye Results namba ya kila kundi. Hapa plasibo asilimia 8.0, dawa asilimia 6.5.
2. Zidisha kila moja kwa 10 upate kati ya 1000. Plasibo 80, dawa 65.
3. Toa. 80 toa 65 ni 15.
4. Gawa 1000 kwa hiyo 15. Unapata kama 67.
5. Andika muda. Hapa ni wastani wa miezi 39.8.

Soma sasa kwa Kiswahili cha kawaida: watu 67 wa aina hii wakichoma sindano kila wiki kwa zaidi kidogo ya miaka mitatu, mmoja ataepushwa na hayo matukio, waliobaki ama yasingewapata hata bila dawa au yamewapata wakiwa na dawa. Hiyo 20 na hii 15 kati ya 1000 ni kitu kilekile, ila ya pili ndo unaweza kuiweka mezani na bei ya sindano ukafikiria.

Kosa la kawaida hapa ni mtu kuona "20%" anasema watu 20 kati ya 100 wamepona. Hapana. Ni asilimia 20 ya ile hatari waliyokuwa nayo mwanzo, na kama hatari yako mwanzo ni ndogo, faida yako ni ndogo.

Kisha angalia mabano yaliyoandikwa 95% CI, yaani kuanzia wapi mpaka wapi jibu la kweli huenda liko. Namba kuu ya SELECT, yaani hatari ya kundi la dawa ikilinganishwa na ya plasibo, ni 0.80 na mabano yake ni 0.72 mpaka 0.90. Kwenye namba za aina hii 1 maana yake hakuna tofauti, chini ya 1 dawa inasaidia, juu ya 1 inadhuru. Mabano yote yako chini ya 1, hapo tulia. Sasa nenda kwenye kifo cha moyo peke yake, 0.85, mabano 0.71 mpaka 1.01. Yamevuka 1, kwa kidogo tu, lakini yamevuka, kwa hiyo usiseme utafiti huu umethibitisha kuzuia kifo cha moyo.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja yenye "kati ya 1000", namba mbili, na muda. Kimoja kikikosekana rudia.

## Hatua ya 8: Angalia kama faida ni ya wote waliomo

Karatasi nyingi zina mchoro wenye vijiboksi na mistari ya kulala, kila mstari ni kikundi: wanaume, wanawake, wazee, wagonjwa sana, wagonjwa kidogo. Mara nyingi usiutilie maanani, vikundi vidogo hudanganya. Lakini pale vikundi vinapofuatana kwa mpangilio wenye mantiki, na vilipangwa kabla, tazama vizuri.

RECOVERY wa Uingereza, deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) kwa wagonjwa wa corona waliolazwa, 2020. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walikufa 29.3 kati ya 100 na dawa, 41.4 bila dawa. Waliokuwa kwenye oksijeni tu 23.3 dhidi ya 26.2. Ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa 17.8 dhidi ya 14.0, hakuna faida, na namba inaegemea upande mbaya. Kidonge kilekile, ugonjwa uleule. Aliyekuwa nyumbani anakohoa anavuta hewa vizuri halafu akameza deksa "kwa sababu utafiti umesema inaokoa" hakuwa hata kwenye utafiti, wa karibu naye ni hao wa mstari wa tatu, na hakuusoma.

## Hatua ya 9: MADHARA na NANI KALIPA

Tafuta adverse events na hesabu waliosimamisha dawa, hiyo namba ina ukweli kuliko orodha ndefu ya vichefuchefu. SELECT waliokatisha kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 16.6 kwa semaglutide na 8.2 kwa plasibo. Iandike karibu na ile 15 kati ya 1000 uzione pamoja.

Mlipaji yuko mwishoni. Kampuni kulipa ni kawaida, tafiti kubwa nyingi zisingekuwepo bila hivyo, Novo Nordisk wanaotengeneza semaglutide ndo waliolipa SELECT. Unaandika ili ujue wa kumuuliza maswali makali ni nani.

## Kikaratasi kilichojazwa: lenacapavir

Turudi kwenye linki iliyoanzisha yote, PURPOSE 1, NCT04994509. Hivi ndivyo changu kilivyotoka.

NANI: Wasichana na wanawake 5,338 wa miaka 16 hadi 25, Afrika Kusini na Uganda, hawana VVU walipoanza dawa. Aliyekwisha kuwa na VVU hakuandikishwa.

DHIDI YA NINI: Sindano mara mbili kwa mwaka, dhidi ya vidonge vya kila siku vya kinga, aina mbili, na pia dhidi ya kasi ya maambukizi kwa wanawake wote waliopimwa mwanzoni kabla ya kuchaguliwa. Plasibo peke yake haikuwepo kwa sababu vidonge vya kinga tayari vipo, kumnyima mtu ingekuwa dhambi.

WALIPIMA NINI: Kupata VVU. Kitu halisi.

KATI YA 1000: Sindano 0 kati ya watu 2,134. Vidonge vya zamani 16 kati ya 1,068, ambayo ni kama 15 kwa 1000. Vidonge vipya 39 kati ya 2,136, kama 18 kwa 1000. Nimeongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: wengi hawakumeza vidonge kila siku, kwa hiyo sehemu ya ushindi wa sindano ni kwamba haisahauliki kwenye mkoba na haionwi na mama mkwe.

MADHARA: Vinundu na maumivu palipochomwa ni kawaida, waliokatisha kwa ajili hiyo wachache sana.

NANI KALIPA: Gilead, watengenezaji.

Ukitazama mstari wa kwanza tu swali la "dawa ya ukimwi imepatikana?" limejibika. Hakuna aliyetibiwa humo. Ni kinga kwa asiye na VVU, na nzuri sana, Marekani waliipitisha Juni 2025 na WHO wakaipendekeza mwezi uliofuata. Aliye na VVU anabaki na ARV zake, asiruke hata dozi moja kwa kungojea hii.

Kikaratasi kikishajaa kipige picha, nenda nacho kliniki, umwambie daktari "mi nafanana na hawa kwa hili na hili, sifanani kwa lile, je kwangu inakuwaje?" Usibadilishe dozi wala kuacha kitu kabla hajajibu. Akikosa muda siku hiyo muachie nakala, urudi tarehe yako nyingine.